Bibi wa Nyumba Amesafiri

11 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta u mzima, na goti lako likiwa limekubali kupatana nawe. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya umri. Binti yangu amejifungua salama mtoto wa kike, na nyumba hii, ambayo tangu alipotutoka wifi yako ilikuwa na sauti ya saa ya ukutani tu, sasa haina usingizi. Sinung'uniki. Paa la jikoni nalo limezibwa. Fundi aliyeliziba ni yuleyule aliyelitoboa, kwa hiyo alijua mahali.

Niwie radhi kwa kukuchosha na habari ndogo kabla ya kubwa. Chama chetu cha wastaafu kimeazimia kuutembelea mji wenu wa kale mwezi wa nne. Mimi sikuwa na nia ya kwenda. Tangu msiba, safari yangu ndefu imekuwa ya kutoka kitandani hadi barazani. Ila binti yangu aliniambia, "Baba, ukiendelea kukaa hivyo utaota ukungu. Nenda ukamwone shangazi." Nikaona kwamba maneno hayo, ingawa hayakuvikwa adabu nyingi, yana haki.

Nakiri pia kuwa nimejivuna kidogo. Wenzangu waliponiuliza kama nina mwenyeji huko, niliwasomea ile barua yako ya zamani uliyoandika, "Hapa makumbusho mimi ndiye Bibi wa Nyumba. Haingii mtu asinione." Mkuu wa posta mstaafu, ambaye si mwepesi wa kusifu, alivua miwani akasema, "Kumbe wewe mpiga taipu wa mahakama una dada mkubwa serikalini!" Sikumsahihisha, kwa kuwa sikuona la kusahihisha. Marehemu wifi yako alikuwa kila akiisoma barua ile hucheka peke yake. Nikimwuliza sababu, husema, "Nacheka tu, mume wangu." Nadhani ilikuwa furaha.

Tafadhali nijulishe kama ujio wetu hautakuletea usumbufu katika majukumu yako.

Mdogo wako mtiifu


2 Machi

Askofu wangu,

Marahaba, marahaba, na bado unaandika kama unahubiri. Hongera kwa mjukuu, Mungu amkuze, na asirithi pua yenu. Goti linasema lina habari zake lenyewe, lisitumiwe salamu. Mwanangu kaandika kutoka huko anakoendesha malori, anasema atakuja mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka upi, hakusema.

Sasa hayo ya kuja na wastaafu. Mji wenyewe ni mawe na ngazi, na nyie wote ni magoti. Mwezi wa nne jua hapa linapiga kama lina kesi na mtu. Lakini kama lazima mje, waache wenzako warudi na basi lao, wewe bakia Jumatatu. Jumatatu pamefungwa, nakuwa nyumbani, nitakupikia, tutaongea mpaka majirani wagonge ukuta. Siku nyingine nakuwa nimekaa, na nikiwa nimekaa siruhusiwi kusema na mtu. Usinitafute huko. Umesikia? Nakujua mimi. Wewe ukiambiwa kitu unakiandika vizuri, lakini hukisikii.

Na barua zangu usiwasomee watu. Sikuwaandikia wao.

Dada yako


17 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumerejea salama, nami naona ni wajibu wangu kukutolea shukrani kwa mji wenu, ingawa si wewe uliyeujenga.

Tuliteremka langoni asubuhi ya Alhamisi. Alitupokea mwongoza wageni, mama mmoja mwenye mwavuli mwekundu na sauti ya kengele, akatugawia kofia za njano ili tusipotee. Lango lile ni fupi kwa makusudi, hata kila aingiaye huinama. Muuguzi mstaafu, ambaye ndiye katibu wetu, alisema, "Hapa hata mwenye kiburi anaingia kwa adabu, apende asipende." Tukacheka sote.

Niliona mambo mengi mazuri. Niliona ngazi za mawe zilizolika katikati kama sabuni iliyotumika. Niliona mnara ambao saa yake imesimama, nasi tukaambiwa imesimama kwa heshima, wala si kwa kuharibika. Nilikaa katika mahakama ya kale, juu ya benchi la mashahidi, ambalo ni jembamba mno kwa mtu mwenye la kusema. Kisima cha uwanjani kimefunikwa kioo, na chini yake watu wametupa vifungo vya nguo, sijui kwa nini.

Baadaye tulipelekwa katika nyumba ya mfanyabiashara wa zamani, ambayo ndiyo makumbusho yenu. Ni nyumba nzuri. Dari zake ni ndefu. Ngazi zake ni za mbao. Kisha tukanywa chai.

Nilisikitika sana kutokuonana nawe. Niliarifiwa kwamba umesafiri. Kuhusu Jumatatu, nilielewa kutokana na barua yako kwamba vikao vyako ni vingi, hata huruhusiwi kusema na mtu uwapo kikaoni, nami sikutaka kukuongezea uchovu siku yako ya mapumziko. Nilirudi na basi pamoja na wenzangu. Niwie radhi.

Mtoto anaanza kutabasamu, ila bado hachagui wa kumtabasamia.

Mdogo wako mtiifu


20 Juni

Barua yako ilifika kabla mwezi wa nne haujaisha. Nimechelewa kujibu kwa sababu, kama ulivyoarifiwa, nilikuwa safarini.

Safari yangu ilikuwa njema. Sikwenda mbali. Nilikuwa chumba cha juu cha nyumba ile yenye dari ndefu, upande wa dirisha, ndani ya kamba nyekundu. Nilikuwa nimevaa nguo za bibi aliyekufa zamani, nasokota uzi wa pamba. Kibao mbele yangu kimeandikwa BIBI WA NYUMBA. Ni kweli, haingii mtu asinione. Kazi yenyewe ni kukaa, kutazama chini na kunyamaza. Kwa mwenye goti langu na mdomo wangu, nusu yake ni pumziko na nusu yake adhabu.

Kwa kuwa natazama chini, watu nawajua kwa viatu. Siku hiyo ya Alhamisi viliingia viatu vyeusi vya kamba, vimepigwa rangi mpaka dirisha linaonekana ndani yake. Vikasimama mlangoni vikajipangusa, mahali pasipo hata na gunia la kujipangusia. Nikasema moyoni, duniani kuna mtu mmoja tu anayepangusa viatu juu ya adabu tupu. Kisha nikasikia mtu anamshukuru mwenye mwavuli "kwa hisani yake". Uzi ukanikatikia mkononi.

Kichwa sikuinua. Nilingoja salamu. Nilisema, akisema tu, leo sheria za watu hawa nitazivunja, nitaitikia mpaka vumbi la darini lidondoke.

Sauti nyingine ikauliza, "Haya, mpiga taipu, yuko wapi huyo dada mkubwa wa serikalini?"

Na ile sauti ya hisani ikajibu, "Amesafiri."

Wakapiga picha. Wakaondoka. Viatu vyeusi ndivyo vilivyotangulia kushuka.

Kofia ile ya njano nayo niliiona kwenye kioo cha kabati wakati unageuka. Ilikukaa kama sufuria juu ya mwiko.

Mtoto hajambo? Mbusu. Paa je?

Dada yako


3 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikilitafuta lile neno unaloniitikia nalo tangu tungali watoto. Niligeuza hata bahasha. Halimo. Siandiki ili kulidai. Naandika kwa kuwa kunyamaza sasa kungekuwa kulisema tena lile neno langu, "Amesafiri."

Mtoto hajambo. Paa linavuja mahali papya.

Nilikuona kabla ya wenzangu wote. Kidole gumba chako cha kushoto, kilichopinda tangu mlango ulipokubana, kilikuwa juu ya pamba, nami nilikitambua kabla sijautambua uso. Ningependa kukuandikia kwamba sikuona haya kwa ajili ya kazi yako. Nilikwisha kuiandika sentensi hiyo katika karatasi nyingine, nikaichana, kwa kuwa ni uongo. Niliona haya. Niliona haya kwa kamba na kwa kibao. Mama mwenye mwavuli alisema, "Msimguse, anaweza kushtuka," wenzangu wakacheka. Nami nilicheka, dada. Hilo hukuliandika. Sijui kama hukulisikia au umenisitiri.

Ndipo mkuu wa posta aliponiuliza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Huyu hapa." Ni maneno mepesi, hata mtoto angeyaweza. Nilitazama miwani yake, nikajiona ndani yake na ile kofia, nikasema neno langu. Katika kazi yangu nimepiga taipu ushahidi wa waongo wengi. Wao walihitaji kurasa. Mimi neno moja lilinitosha.

Waliotufundisha shule ya misheni walikuwa wakisema kuwa mtu hujulikana kwa salamu yake. Mimi humsalimu mwenye duka, humsalimu mpita njia, na wifi yako alikuwa akinicheka kuwa nitakuja kulisalimu kabati. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni, nilimpita kama kiti.

Picha ile imesafishwa, na mkuu wa posta ametugawia nakala. Wewe umeinamisha kichwa, mimi nimegeuza changu. Binti yangu aliitazama akaniuliza, "Baba, huyu bibi ni nani? Ana mkono kama wa shangazi." Nilinyamaza hadi mtoto akalia, nikapata udhuru wa kuinuka.

Lakini hakuna mtoto aliaye siku zote. Katika mkutano wa chama wa juzi niliomba kusema. Niliweka picha mezani nikawaambia, "Dada yangu hakusafiri. Ndiye huyu."

Mkuu wa posta alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Huyu wa kamba?"

"Huyu."

"Na ulikuwa unajua, pale pale?"

"Nilijua."

"Ala! Basi tumempiga picha dada yetu kama mnara!"

Muuguzi aliivuta picha karibu naye. Kisha akaniuliza, "Na mwongozaji alipotoa ule mzaha wake, ulicheka?"

"Nilicheka."

"Haya. Kaa."

Nilikaa. Hakuna aliyenifariji, nami nawashukuru kwa hilo.

Naomba nije, dada, lakini si Jumatatu. Jumatatu pamefungwa, na aliyekukana mchana mbele za watu hana haki ya kukuomba radhi nyuma ya mlango. Nitakuja siku ya kazi, kwa tiketi, nisimame nje ya kamba kama mtu yeyote. Ukiniandikia nisije, nitatii.

Mdogo wako


14 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu baada ya mvua. Mtoto ameanza kukaa. Akianguka hutazama kwanza kama kuna aliyemwona, kisha ndipo alie. Binti yangu anasema amerithi kwangu.

Hukuniandikia nisije, nami nikaichukua kuwa ruhusa. Niwie radhi kama nilikosea kukusoma, kwa mara nyingine.

Unayajua yaliyotokea Alhamisi, kwa kuwa ulikuwapo. Nayaandika hata hivyo, ili safari hii barua yangu na macho yako viseme jambo moja.

Nilivaa kofia yangu mwenyewe. Langoni niliinama, na hapakuwa na wa kucheka naye. Nilipanda ngazi za mbao nyuma ya kundi la wageni, na mwongozaji alikuwa mama yuleyule wa mwavuli. Mlangoni nilipangusa viatu mara mbili, ili unijue. Nikavua kofia. Nikasema, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kumwitikia hakimu, "Shikamoo, dada."

Mama akanigeukia. "Mzee, huyo haongei."

"Naelewa, mama. Ila utotoni alikuwa hanyamazi."

"Unasemaje?"

"Ni dada yangu. Tumezaliwa tumbo moja. Mwezi wa nne nilipita hapa na kundi lako, nikasema amesafiri. Hakuwa amesafiri. Naomba radhi kwake, na kwako pia kwa kukuchelewesha."

Wageni waligeuka kunitazama. Kisha mmoja wao, mwanamke mwenye shanga shingoni, akamwuliza mwongozaji kwa upole, "Na huyu mzee naye ni wa makumbusho?"

Nikajibu mimi. Nilisema, "Naam. Mimi pia ni wa nyumba hii."

Basi wakanipiga picha. Walinielekeza nisogee karibu na kamba, kofia niishike kifuani, nisitabasamu. Nilifanya kama walivyotaka. Nilifahamu pale, dada, jinsi mtu anavyotazamwa bila kusalimiwa. Na mimi ilikuwa dakika chache tu, tena kwa hiari yangu.

Walipokwenda chumba cha pili nilibaki. Nilikuamkia tena. Mkono wako ulisimama juu ya pamba. Nilingoja. Mlinzi akaja akaniambia kwamba chumba kinahitaji kupisha kundi lingine, nikamshukuru, nikashuka.

Hukuitika. Sikuandikii kukuuliza sababu. Nilikuja kuitoa salamu, sikuja kuichukua. Naomba tu ujue kwamba niliposhuka sikutangulia mbio. Nilisimama katika kila ngazi.

Mdogo wako


30 Septemba

Askofu wangu,

Habari za hapa ni nzuri. Mwanangu kasema ni mwisho wa mwaka huu huu, kaandika na mwezi, sasa naanza kuogopa kwamba ni kweli. Goti limeshindwa na mvua. Mwambie mjukuu aendelee kutazama kwanza ndipo alie, itamsaidia ukubwani.

Msimamizi aliniita ofisini baada ya wewe kuondoka. Nikasema basi, kazi imekwisha. Kumbe anataka kujua kama yule mzee wa kofia atapatikana kila Alhamisi, kwa sababu wageni wamempenda sana. Nikamwambia haajiriki huyo. Anaomba radhi mno, atachelewesha foleni mpaka barabarani.

Hukuuliza kwa nini sikuitika, lakini barua yako nzima imesimama kama mtu aliyeshika kofia, kwa hiyo nitakwambia. Si sheria. Sheria naivunja kila siku, naongea na paka wa dirishani. Ningefungua mdomo ningelia, na yule mama amewaambia watu kwamba bibi wa nyumba hii alikuwa mwanamke shupavu. Ningewaharibia historia yao. Na kwa taarifa yako, bibi huyo wala hakusokota uzi. Alikuwa tajiri, alinunua vitambaa. Tunadanganya wote humu ndani.

Na kuna hili. Wewe umekubali kwamba uliona haya. Mimi je? Mwaka wa kwanza tu nilimwandikia wifi ukweli, kamba na kibao na yote. Akanijibu, "Wifi, tumwache hivyo hivyo, akijua atatuletea kwaya nzima." Tukacheka wawili. Lakini yeye alicheka kwa mapenzi. Mimi nilikuacha udanganyike kwa sababu nilimpenda yule dada mkubwa wa serikalini. Jioni nikivua zile nguo za marehemu nilikuwa nazisoma barua zako, najiona mtu mkubwa. Kwa hiyo uliposema amesafiri, mtu uliyemtaja ni yule niliyemtunga mimi, na yeye kweli hakuwapo. Hilo halikutoi kwenye kosa. Linaniingiza na mimi tu, tubanane.

Kucheka kwako nilikusikia. Sikuandika kwa sababu sikuweza.

Haya sasa. Marahaba, mdogo wangu. Marahaba na ya pili yake, maana ulisema mara mbili.

Hizo ni za juzi. Ile ya mwezi wa nne siwezi kuiitikia, kwa kuwa hukuitoa. Njoo uitoe. Njoo Jumatatu, pamefungwa, na safari hii kufungwa si kujificha, ni kupumzika. Mlango wangu una zulia, utapangusa viatu kama watu. Mlete na mtoto nimwone hiyo pua.

Dada yako,
sijasafiri